Samaki 5 kati ya 7 wamekufa ndani ya siku nne, maji yamekuwa kama ya kuoshea mchele. Nimekosea wapi?

#1 Bintimaji
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wenu, mwanangu bado analia huku chumbani.

Nilimwahidi samaki akiingia kumi bora darasani. Akashika nafasi ya sita, nami ahadi ni deni. Jumamosi nikachukua tangi kwa fundi vioo, sentimeta 60 kwa 30, kimo 40. Nimelijaza hadi vidole vinne kutoka juu, kwa hiyo ni kama lita 60. Chini nimeweka mchanga mweupe tuliochota ufukweni Kunduchi, nimeuosha maji matatu, na mawe mawili yenye matundumatundu. Maji ni ya bomba, yalilala kwenye ndoo usiku mmoja. Filta ni ile ndogo ya kuzamisha yenye sponji nyeusi. Jioni ileile nikatia samaki wa dhahabu 3, gapi 2 na moli 2.

Siku ya pili maji yakaanza ukungu. Siku ya tatu yakawa meupe. Siku ya nne asubuhi nawakuta wote wako juu wanahema midomo wazi, matamvua mekundu. Hadi magharibi dhahabu wote watatu na gapi wote wawili wamekwenda. Moli wawili wapo, wamejibanza kona ya nyuma.

Niko Tabata. Natanguliza shukrani.

#2 MzeeWaTangi
Pole sana dada, mpe pole na mtoto.

Tangi lako lilikuwa bichi. Samaki hutoa uchafu wake mwingi kwa matamvua, na uchafu huo ni amonia. Ziwani kuna maji mengi na bakteria wa kuila. Kwenye tangi jipya bakteria hao hawapo, au wapo wachache mno. Basi amonia inapanda kila siku, na samaki wanaogelea ndani ya kile walichokitoa wenyewe. Inachoma matamvua, ndiyo wekundu uliouona.

Tangi linatakiwa likomazwe kwanza. Bakteria wa kwanza wanakula amonia na kutoa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa pili wanakula nitriti na kutoa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia hadi uipunguze kwa kubadilisha maji. Kazi hiyo inachukua wiki nne mpaka sita. Siku nne hazitoshi hata kuanza.

#3 Mkaguzi
Mzee, wewe kila tangi kwako ni amonia. Mimi nasema klorini. Maji ya bomba kulala usiku mmoja kwenye ndoo, tena nina hakika ilikuwa na mfuniko, klorini haitoki yote. Dada, achana na maji ya bomba, kinga maji ya mvua. Mimi nafuga kwa maji ya mvua miaka mitatu sasa.

#4 MzeeWaTangi
Mkuu #3, klorini ingewaua usiku uleule au kesho yake asubuhi. Hawa wamekaa siku nne na hali ikawa inazidi siku hadi siku. Huo ni mwendo wa kitu kinachoongezeka, wakati klorini inapungua kadiri siku zinavyokwenda.

#5 Fundi_Vioo_Ilala
Mimi kazi yangu ni kutengeneza haya matangi. Dada, hiyo gundi ya silikoni ni ya aina gani? Ile ya bafuni na vyooni ina dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo inaua samaki. Inayofaa ni silikoni ya vioo isiyo na dawa, ile inayonuka siki ikiwa mbichi. Nayo inataka ikauke mpaka harufu iishe kabisa. Mimi simpi mteja tangi kabla ya siku saba, hata akinipigia simu mara kumi.

Halafu, umeliweka juu ya nini? Lita 60 ni kilo 60 za maji peke yake, bado kioo, mchanga na mawe. Usije ukawa umeweka juu ya meza ya runinga.

#6 Bintimaji
Asanteni kwa majibu ya haraka.

#5, gundi haina rangi na fundi aliniambia imekaa wiki. Harufu sikuisikia. Meza ni ya mninga, ya marehemu baba, inabeba hata watu wawili.

#3, kweli ndoo ilikuwa na mfuniko.

Kuna jambo sikuliandika kule juu. Usiku nilikuwa nazima filta kwa sababu inavuma na tangi liko chumba anacholala mtoto. Nazima saa tatu, nawasha nikiamka saa kumi na moja. Inahusika?

#7 Ummu_Salim_Muscat
Inahusika sana, mwanangu! Hapo ndipo walipofia hao.

Maji ya moto hayashiki hewa. Maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, yakifika 30 inabaki saba na nusu, nayo ikiwa imejaa sawasawa. Dar msimu huu tangi la ndani halishuki 29. Na ule weupe uliouona ni bakteria wengine, wale wa kuozesha, wamezaliana kwa chakula kilichobaki. Nao wanavuta hewa ileile ya samaki. Ukizima pampu kwa muda wa saa nane, usiku kucha, asubuhi utawakuta wapi kama si juu wanahema?

Mie huku Muscat maji ya bomba ni ya bahari yaliyotolewa chumvi, hayana tabu. Tabu ni tangi la juu ya paa. Mwezi wa sita nikifungua bomba la baridi latoka maji ya kukogea maiti. Nilipoteza gapi kumi na moja kwa siku moja, na amonia nilipima ilikuwa sifuri. Kwa hiyo Mzee wetu aliyeandika #2, si kila mauti ni amonia.

#8 MzeeWaTangi
Bi mkubwa shikamoo. Sikatai hewa. Lakini kuzima filta kunarudi palepale: bakteria tunaowataka wanaishi kwenye sponji na wanataka oksijeni. Kila usiku alikuwa anawanyima pumzi hao wachache walioanza.

#9 Mkaguzi
Na moli wawili je? Kama ni hewa au amonia, mbona wao wapo? Moli si anahema kama wenzake?

#10 Ticha_Bios
Nafundisha biolojia sekondari, mada ya mzunguko wa naitrojeni ndiyo hii hii. Nitrosomonas wanageuza amonia kuwa nitriti, kisha Nitrobacter wanageuza nitriti kuwa nitrati. Wanafunzi wangu huwa wanakariri tu bila kuona. Nikisoma uzi huu natamani niwaletee tangi darasani.

Swali la #9 ni zuri. Samaki wa dhahabu anakula sana na anachafua sana. Hafai tangi la lita 60 hata akiwa mmoja, kwa sababu aina ya kawaida hukua hadi kufika sentimeta 30. Moli anavumilia maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi, hata yenye chumvi kidogo. Mchanga wa Kunduchi una vipande vya kombe na matumbawe, kwa hiyo maji yaliongezeka ugumu na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ikapanda. Moli alijikuta nyumbani.

#11 Kulwa_wa_Nyegezi
Ticha nakuunga mkono, nasahihisha moja tu. Kwenye matangi ya samaki anayefanya kazi ya pili si Nitrobacter. Mwaka 1998 watafiti walichunguza filta za akwaria wakakuta ni Nitrospira. Na mwaka 2015 wakapatikana Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili peke yao, kuanzia amonia hadi nitrati. Vitabu vyetu bado havijafika huko.

#12 Ticha_Bios
Asante Kulwa, nimejifunza. Kwa udongo wa shamba Nitrobacter bado yumo, kwa hiyo mtihani haujaharibika.

#13 Kibokoni254
Wadau wa Bongo, salaam kutoka Mombasa. Hayo mawe yenye matundu mnayaruka bure. Dada, toa jiwe moja, lipanguse likauke, likamulie ndimu. Likitoa povu, hilo ni jiwe la matumbawe, lina chokaa. pH ikipanda, amonia ileile inakuwa kali zaidi. Kwa pH 7 karibu amonia yote inakaa kwa umbo lisilodhuru sana. Ikifika pH 8 sehemu yenye sumu inaongezeka karibu mara kumi. Nyumba zetu za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe hayo, najua nisemalo.

#14 Bintimaji
Nimekamua ndimu sasa hivi. Yametoa povu yote mawili, lile kubwa limechemka hadi mtoto ameacha kulia akaja kuangalia! Mchanga nao umetoa, kwa mbali.

Sasa nawauliza jingine, mnisamehe, nakumbuka polepole. Jumatatu usiku mbu walizidi nikapuliza dawa ya kopo mle chumbani, nikafunga mlango nusu saa kama maelekezo yanavyosema. Tangi lilikuwa wazi juu.

#15 Mwana_Ujiji
Aisee.

Dada, dawa nyingi za mbu za kopo ni sumu kali mno kwa samaki. Kiasi ambacho wewe husikii hata kikohozi, yeye kinamfikia kwenye mishipa ya fahamu. Na pampu ya hewa ndiyo mbaya zaidi, inavuta hewa ya chumba inaipeleka majini moja kwa moja. Mimi nilishapoteza tangi zima la Tropheus, samaki wa Ziwa Tanganyika, kwa sababu hiyo, samaki 22. Walikuwa wanazunguka kama pia kabla ya kulala ubavu. Wako walizunguka?

#16 Bintimaji
Sikuona wakizunguka. Lakini nilikuwa kazini mchana.

#17 Mkaguzi
Basi tuna klorini, amonia, hewa, chokaa na dawa ya mbu. Na hatujasikia walilishwa nini.

#18 Bintimaji
Chakula cha vidonge vidogo, asubuhi na jioni. Na mtoto alikuwa anawapa chapati. Nimemuuliza sasa hivi, amekubali.

#19 MzeeWaTangi
Chapati zote zimegeuka amonia. Narudi kwenye #2.

#20 Ummu_Salim_Muscat
Na zimeoza zikamaliza hewa yote. Narudi kwenye #7.

#21 Kulwa_wa_Nyegezi
Tumsaidie kuanza upya sasa. Dada, hao moli wawili uwatoe, waweke kwenye ndoo ya lita 20 yenye jiwe la hewa (lile la kutoa mapovu), badilisha nusu ya maji kila siku, walishe kidogo mara moja. Tangi likomazwe likiwa tupu. Na tafuta vipimo vya matone, vya amonia, nitriti na nitrati, na pH kama ipo. Bila vipimo tutakuwa tunapiga ramli.

#22 BwanaShamba_Moro
Nimeupenda uzi huu. Amonia ya kuwalisha bakteria msihangaike kuitafuta, duka lolote la pembejeo lina mbolea ya SA. Hiyo ni salfeti ya amonia, naitrojeni asilimia 21. Nusu gramu kwenye lita 60 inakupa miligramu 2 hivi za amonia kwa kila lita, ndicho kiasi cha kuanzia.

Nusu gramu huwezi kuipima kwa macho. Fanya hivi: pima gramu 10 kwenye mizani ya dukani, yeyusha kwenye lita moja ya maji safi, weka kwenye chupa, andika SUMU, ficha juu kabisa mtoto asifike. Kila mililita 50 za maji hayo zina nusu gramu. Unachota kwa bomba la sindano la mililita 10, mara tano.

#23 Kibokoni254
Mbolea kwa tangi la samaki? Bwana shamba, hiyo si ina takataka nyingine? Mimi nilianza kwa kamba mmoja mbichi ndani ya soksi ya nailoni. Anaoza, amonia inatoka. Wiki ya kwanza nyumba ilinuka lakini tangi liliiva.

#24 BwanaShamba_Moro
Ndiyo maana nimesema SA peke yake. Usichukue NPK wala mbolea za majani zenye shaba, shaba inaua konokono na kamba. Urea nayo inafanya kazi ila polepole, lazima ivunjwe kwanza kuwa amonia. Kamba wako ni sawa, ila huwezi kujua ametoa amonia kiasi gani.

#25 Mwana_Ujiji
Njia ya haraka kuliko zote hamjaitaja: omba sponji ya mwenzio. Ni kama mtindi, unachukua wa jana kidogo unatia kwenye maziwa ya leo. Bakteria wameng'ang'ania sponji, mchanga na mawe, kwenye maji yenyewe ni wachache sana. Ukipewa chupa ya maji ya tangi la zamani hujapewa kitu. Ukipewa kipande cha sponji chafu, kisichooshwa, kilichosafirishwa kikiwa kimelowa, umepewa nusu ya safari.

Na wala usioshe sponji yako chini ya bomba. Ikamue kwenye ndoo yenye maji uliyoyatoa tangini.

#26 Bintimaji
Nimewaelewa. Mchanga wa Kunduchi na mawe nimetoa vyote. Nimeweka mchanga wa mto, ule wa ujenzi, nimechekecha na kuosha hadi maji yakatoka safi kabisa, ndoo kumi na nne. Mvua ya jana nimekinga maji, nimefuata ushauri wa #3. Filta nimehamishia sebuleni pamoja na tangi, haizimwi. SA nimepata nusu kilo, muuzaji kaniuliza nalima ekari ngapi.

Sponji sijapata wa kunipa. Leo ni siku ya kwanza, amonia inasoma 2.

#27 Kibokoni254
Dada, ya mvua tupu? Na mawe umeyatoa yote? Mie nilikwambia upime tu, sikusema utupe. Haya, tuangalie.

#28 Mkaguzi
Maji ya mvua ni safi, acheni kumtisha.

#29 Kulwa_wa_Nyegezi
Tukiwa tunasubiri: kuna aliyewahi kufuga furu, wale samaki wadogo wa jamii ya sikilidi, wa Ziwa Victoria? Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunawavua kwa ndoano ya pini pale kwenye mawe. Baba anasema kabla ya sangara kusambaa walikuwa wa rangi ambazo mimi sijaziona. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 60, na aina nyingi za furu zikapotea. Nyingine zimebaki kwenye matangi ya watu Ulaya na Marekani kuliko ziwani. Linaniuma hilo.

#30 Mwana_Ujiji
Kulwa umenigusa. Mimi nimewahi kufanya kazi na wakusanyaji wa samaki wa mapambo Ziwa Tanganyika. Mzamiaji akiwanasa chini hawezi kupanda nao moja kwa moja, kibofu chao cha hewa kinavimba. Anawapandisha kwa vituo, wanakaa ndani ya wavu mita kadhaa, kisha tena, wakati mwingine siku nzima. Watu wanaona samaki dukani hawajui alivyopandishwa.

Dada Bintimaji, tangi likiiva fikiria wale wadogo wanaokaa kwenye magamba ya konokono, Neolamprologus multifasciatus. Mkubwa hazidi sentimeta 4 au 5. Kila mmoja ana gamba lake la konokono wa Neothauma, anachimba mchanga analifukia hadi ubaki mlango tu. Ukinyoosha kidole kwenye kioo anatoka kukutisha. Kwa tangi la 60 wanafaa kabisa. Ila wanataka maji magumu, maana ziwa lile lina pH 8.6 mpaka 9. Kwa hao, mchanga wako wa Kunduchi na mawe yale ungevirudisha.

#31 Fundi_Vioo_Ilala
Na kuhe naye ni wa jamii hiyohiyo? Nimewahi kumla Kigoma.

#32 Mwana_Ujiji
Ndiyo, sikilidi kama wenzake, tena ni miongoni mwa wakubwa kabisa duniani. Huyo muache kwenye sahani, tangi lake lingejaza karakana yako.

#33 Bintimaji
Siku ya 10. Amonia 1, nitriti imeanza kuonekana, ile rangi ya bluu imeingia uzambarau kidogo. Mtoto ndiye anayetikisa chupa na kuandika kwenye daftari la hesabu. Nimeongeza SA sindano tano.

#34 MzeeWaTangi
Safi sana. Kundi la kwanza limefika. La pili huchelewa, usikate tamaa.

#35 Bintimaji
Siku ya 17. Amonia inaisha ndani ya siku mbili. Nitriti imekuwa zambarau ya biringanya, imepita mwisho wa kadi ya rangi.

#36 Bintimaji
Siku ya 24. Wakuu, imesimama. Amonia ilikuwa inaisha, sasa haishuki, iko 2 tangu juzi. Nitriti ileile biringanya. Sijabadilisha chochote.

#37 Kibokoni254
Pima pH.

#38 Bintimaji
Inasoma 6, ndiyo namba ya mwisho chini kwenye kadi. Siku ya kwanza ilikuwa 6.8.

#39 Kibokoni254
Maji ya mvua hayo! Hayana baikaboneti, ile akiba inayozuia maji yasichachuke. Bakteria hao kazi yao inatoa asidi, na kila gramu ya naitrojeni wanayogeuza inakula gramu 7 hivi za ugumu ule wa kaboneti. Maji ya mvua hayana akiba, pH imeanguka. Chini ya 6 wanasimama kazi. Mawe yangekuwemo, yangeyeyuka kidogokidogo yakakushikia.

#40 Mkaguzi
Mimi situmii SA, natumia samaki wachache na mimea, na pH yangu iko sawa. Kosa ni mbolea nyingi. Nitriti ikizidi sana inawazuia bakteria wenyewe. Badilisha nusu ya maji uone.

#41 Kulwa_wa_Nyegezi
Na fosforasi je? SA haina fosforasi hata chembe, na mvua haina. Bakteria nao wanajenga mwili. Tia punje mbili tatu za chakula cha samaki zioze mle.

#42 BwanaShamba_Moro
Shambani tunalijua hili, SA inachachusha udongo, mkulima anatia chokaa. Kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda kwenye lita 60 kinatosha kuanzia. Bekingi soda, narudia, si bekingi poda. Poda ina asidi na wanga ndani.

#43 Bintimaji
Nimefanya yote jioni hii: nimetoa nusu ya maji nikatia ya bomba yaliyokaa siku mbili bila mfuniko, nimetia kijiko cha soda, na punje tatu za chakula.

#44 Ticha_Bios
Dada, ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja hatutajua kipi kilifanya kazi. Ila kwa mama mwenye mtoto anayesubiri, ningefanya vilevile.

#45 Ummu_Salim_Muscat
Na moli wangu wa ndoo wanaendeleaje? Hamuwaulizi.

#46 Bintimaji
Wapo bi mkubwa, wanakula kwa mkono wa mtoto. Mmoja amenenepa tumbo.

#47 MzeeWaTangi
Ikitokea umeme umekatika, toa sponji uiweke kwenye beseni pana lenye maji kidogo ya tangini, hewa iifikie. Usiiache ndani ya filta iliyofungwa saa nyingi kisha ukawasha, itatapika maji yaliyooza ndani ya tangi. Nimeona watu wanapoteza kazi ya wiki sita kwa usiku mmoja.

#48 Mkaguzi
Mimea haijatajwa ipasavyo. Mmea unaokua haraka unakula amonia kabla hata ya bakteria. Gugumaji linafaa?

#49 Kulwa_wa_Nyegezi
Linakula kweli, lakini tafadhali usilichukue. Likitupwa mtaroni likafika mtoni tutalilipia. Sisi wa Ziwa Victoria tunajua lilivyofunga ghuba, mitumbwi haitoki. Chukua vallisneria, inaota yenyewe mchangani.

#50 Bintimaji
Siku ya 27: pH 7.4. Amonia sifuri!! Nitriti bado.
Siku ya 32: nitriti imeshuka, zambarau ya mbali.
Leo siku ya 37: jana usiku saa mbili nilitia SA sindano tano. Leo saa mbili usiku amonia njano safi na nitriti bluu ya anga, yaani zote sifuri, nitrati nyekundu iva, yaani nyingi. Mtoto amebandika karatasi ya daftari kwenye ukuta wa sebule.

#51 MzeeWaTangi
Hongera sana dada! Tangi limeiva. Toa maji robo tatu kushusha nitrati, jaza mapya ya joto hilohilo. Kisha samaki wachache tu.

#52 Kibokoni254
Soda ndiyo iliyofufua.

#53 Mkaguzi
Ni kubadilisha maji. Na kule mwanzo bado nasema klorini.

#54 Mwana_Ujiji
Dawa ya mbu. Na kama pale sebuleni mnapuliza, acheni kabisa, tumieni chandarua.

#55 Bintimaji
Wakuu, asubuhi hii mtoto amekwenda kulisha ndoo akarudi mbio. Moli amezaa. Tumehesabu 14, tena wengine wamejificha chini ya jiwe la hewa. Ni wadogo kama punje ya mtama yenye macho. Nahofia mama atawala. Niwatie wote tangini leo?

#56 Ummu_Salim_Muscat
Mashaallah! Watie watoto leo pamoja na majani mengi ya kujifichia. Mama na mwenzie wangoje siku mbili tatu mpaka watoto wazoee. Wazoeshe maji mapya polepole, kikombe kimoja kila dakika tano. Na mwanao asiwape chapati.

#57 Bintimaji
Nimemwambia. Amesema chapati atakula yeye.